Lethi ndogo ya 180 kwa 350: nianze na visu vya HSS au ninunue tipu za kabaidi?

FundiWesha (Chake Chake, Pemba)

Assalaam aleikum mafundi. Wakubwa shikamooni.

N'na lethi ndogo (mashine ya kukerezea chuma), zile za Kichina za kuweka juu ya meza. Kibandiko chake kinasema 180 x 350, mota wati 550, chaki ya taya tatu, posti ya visu ya pande nne. Nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, mashine bado nzima, haijachezewa. Kazi yangu hasa ni injini za boti na mashine ndogo ndogo: bushi za mbuzi za umeme, pini, spesa, puli. Vya kukereza nilikuwa napeleka kwa wenye mashine, na ukipeleka kwa watu huku kwetu unangoja mpaka mteja anakuhama.

Shida yangu visu. Mashine ilikuja na seti ya visu kumi na moja, kabaidi (kipande kigumu sana cha kukatia) iliyochomelewa kwenye mkono wa 10 mm, vingine rangi nyekundu, vingine buluu. Vimepigwa muhuri YG8 na YT15. Nikikereza chuma laini cha kawaida, mashine inalia mtaa mzima unasikia na uso unatoka na mistari. Nikipunguza kina mpaka chini ya robo milimita, kisu hakikati, kinasugua tu, halafu ghafla kinajitia ndani.

Rafiki yangu wa Dar ananambia visu hivyo nivitupe, ninunue tipu, vile vipande vidogo vya kabaidi vya kufunga kwa skrubu. Nimeingia mtandaoni nimekutana na CNMG, CCMT, CCGT, DCMT, TNMG, WNMG, kila moja na namba nyuma yake. Kuna duka lina boksi la CNMG 120408 kwa bei ya kutupa, karibu nilipe. Fundi mmoja mtu mzima hapa mtaani naye anasema tipu ni za mashine kubwa, nijifunze kunoa HSS, vile visu vya chuma kigumu unavyonoa mwenyewe. Nimsikilize nani? Na kuna mwenye boti anangoja shafti ya stenlesi ya 25 mm.

---

MkerezaKongwe (Mwanakwerekwe, Unguja)

Waaleikum salaam, marhaba mwanangu.

Hilo boksi la CNMG usilipe. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu najua vijana mnasoma mstari wa kwanza mnakimbilia simu. CNMG ni tipu ya mashine nzito. Ile herufi ya pili, N, maana yake ubavu wa tipu umesimama wima, hauna mteremko wowote chini ya ncha, kwa hiyo holda yake (mkono unaoishika) lazima ilaze tipu kuelekea chini ndiyo ikate. Ikilala hivyo inasukuma chuma badala ya kukichana. Mashine ya tani mbili haijali. Yako utaibeba wewe na jirani, itajikunja, na kinachojikunja ndicho kinacholia. Tena holda za hiyo 12 kwa kawaida zina mkono wa 20 mm, posti yako inapokea 10. Ungekuwa umenunua vipuli vya kuchezea watoto.

Sasa hebu tuzungumze nguvu, maana wote wawili waliokushauri hawakuuliza mota yako. Chukua chuma laini, kina milimita 1, kisu kitembee 0.2 kwa mzunguko. Kabaidi inapenda kwenda mita 120 kwa dakika. Ukipiga hesabu, pale kwenye ncha panatakiwa wati 900 hivi. Wewe unazo 550 kwenye kibandiko, na kibandiko cha Kichina tunakijua. Kata ile ile ukiifanya kwa HSS, mita 28 kwa dakika, inataka wati 200 na kidogo. Hapo unaona kwa nini mzee wa mtaani kwenu anakwambia vile. Hana haja ya hesabu, ameshika mashine.

Mizunguko usikisie. Chukua mita kwa dakika, zidisha kwa 320, gawa kwa kipenyo. Chuma cha 25 mm kwa HSS: 28 mara 320 gawa 25, mizunguko kama 360. Kabaidi kwa mita 120 ingetaka 1,500 na zaidi. Na ukishuka kwenye pini ya 12 mm itataka 3,200, ambayo mashine yako haina. Kwa hiyo kabaidi kwako wewe muda mwingi itakuwa inaenda polepole kuliko inavyopenda, na kabaidi yenye ncha butu ikienda polepole chuma kinagandia juu yake, ndiyo hiyo mistari yako.

Visu vyako kumi na moja usivitupe, lakini usivitumie vilivyo. Vile huuzwa havijanolewa sawasawa, kiwandani wanachomelea kipande cha kabaidi wanapaka rangi khalas. Pitisha kidole (taratibu) ubavuni chini ya ncha: mara nyingi chuma cha mkono kimetokeza kuliko kabaidi, kwa hiyo kinachogusa kazi yako ni mkono. Hapo ndipo unaposikia kusugua. YG8 ni ya kasti (chuma cha kumimina), shaba na bronzi. YT15 ni ya chuma, ngumu zaidi lakini inapasuka upesi, haipendi kugongwagongwa. Vinahitaji jiwe la kijani, lile la silikoni kabaidi. Jiwe la kijivu la kawaida litaliwa lenyewe kabla ya kisu. Na ukinoa kabaidi usiichovye majini ikiwa ya moto, inapata nyufa ndogo usizoziona mpaka ncha itoke kazini. Vaa kitambaa puani, vumbi lake lina kobalti, si la kuvuta.

Mie ningekuwa wewe ningeanza na vipande vinne vitano vya HSS vya 8 mm au 10 mm na jiwe la kijivu au jeupe. Noa kimoja cha kulia kwa chuma: nafasi ya mbele digrii 8 hadi 10, ya ubavu 10, mlalo wa juu uelekee pembeni digrii 12 hivi. Ncha iviringishe kidogo sana kwa jiwe la mafuta la mkono, ukiangalia kwa jua iwe na mng'aro mwembamba tu. HSS hukaa ngumu mpaka karibu digrii 600, kwa hiyo ikibadilika rangi jiweni usilie, chovya maji endelea. Kingine noa kwa shaba na bronzi, juu kiwe tambarare kabisa, sifuri. Ukikipa mlalo wa chuma kwenye bronzi kitajivuta ndani na bushi ya mteja itakwenda na maji.

Urefu wa senta, yaani ncha ya kisu iwe usawa wa katikati ya kazi, umepima? Shika rula nyembamba ya chuma wima kati ya ncha ya kisu na kipande cha duara kilichofungwa, sogeza kisu kiibane taratibu. Rula ikisimama wima upo senta. Ikiinamia kwako upande wa juu, kisu kiko chini. Kisu kikiwa chini ya senta kinafanya sawasawa na ulivyoeleza: hakikati, halafu kinaparamia. Naweka dau hiyo ni nusu ya shida yako. Pandisha kwa vibati: kipande cha kopo la soda ni kama 0.1 mm, ubao wa msumeno wa chuma ni kama 0.6.

Na ile shafti. Mashine za 180 x 350 nyingi tundu la spindeli (mhimili unaobeba chaki) ni 20 mm. Ya 25 haipiti. Na kati ya senta na senta, yaani urefu wa kazi inayoingia, unazo milimita 350 tu. Ya boti ina urefu gani? Kama imezidi hapo, mpe mwenye boti jawabu leo, asikungoje bure.

---

Maalim_wa_Amali (Unguja Kaskazini)

Mzee wangu MkerezaKongwe, shikamoo. Mengi nakubaliana nawe, na hesabu ya wati ningewapa wanafunzi wangu waiandike ukutani. Lakini hapo pa kumwambia aanze na HSS tu, mimi nina neno.

Ulivyosema kabaidi butu, ndivyo. Tatizo watu wakisema "tipu" wanawaza zile za dhahabu zenye ukingo mnene. Zipo zenye ukingo mkali kabisa na zinakata vizuri kwenye mashine ndogo hata kwa mita 60 kwa dakika. Piga hesabu yako hiyo hiyo: mita 60, kina nusu milimita, mwendo 0.1, haifiki wati 150.

Kijana, soma herufi hivi. Ya kwanza umbo: C ni msambamba wa digrii 80, D ni wa 55, T pembetatu, W ile ya pembe tatu zilizovimba. Ya pili mteremko wa ubavu: N sifuri, C digrii 7, P digrii 11. Wewe unataka C au P, wala usiiangalie N. Ya tatu usahihi wa utengenezaji, na hapa ndipo penye siri: M imetoka kwenye kalibu kama ilivyo, G imesagwa baadaye, ndiyo maana ncha yake ni kali. Ya nne tundu la skrubu na mfereji wa kuvunjia maranda. Halafu namba: 06 urefu wa ukingo, 02 unene (milimita 2.38), na mwisho kiduara cha ncha: 02 ni 0.2 mm, 04 ni 0.4, 08 ni 0.8.

Ile 08 waachie wenye mashine kubwa. Kina cha kata lazima kifike angalau karibu na kiduara cha ncha, la sivyo tipu inasukuma kazi pembeni badala ya kuikata. Kwa 0.8 ungelazimika kukata kina ambacho mashine yako haitaki. Kwa 0.4 na mwendo wa 0.1, vilima vya kwenye uso kwa hesabu vinabaki kama mikroni 3, na bushi haidai zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ningemshauri anunue holda moja, SCLCR 1010H06, na kisu kimoja cha kutanulia tundu cha 8 mm, S08K-SCLCR06. Vyote vinakula tipu ile ile, CCMT 060204 kwa chuma na CCGT 060202 au 060204 zile za kung'ara zilizotengenezewa alumini. Watu hawaamini, lakini hiyo ya alumini kwenye chuma laini, kata ndogo ya kumalizia, inatoa uso safi sana kwenye mashine nyepesi. Masharti yake usiigonge: isipite kwenye njia ya ufunguo (mfereji uliochongwa kwenye shafti), isianze kwenye uso wa kutu au wa kuchomelewa. Kisu cha ndani kisitokeze zaidi ya mara nne ya unene wake, yaani kwa 8 mm usizidi 32.

Boksi likifika angalia rangi kwenye kibandiko. Buluu ni chuma, njano stenlesi, nyekundu kasti, kijani alumini na shaba. Ile rangi ya dhahabu au nyeusi ya tipu yenyewe ni mipako tu, haikwambii kitu hicho.

Kunoa ajifunze, ndiyo, lakini mwenye boti hawezi kungoja ajifunze.

---

MkerezaKongwe

Maalim marhaba. Hiyo ya CCGT nakuachia, mimi mwenyewe ninazo kwenye droo. Lakini umesahau tunaishi wapi.

Umeme ukikatika kisu kiko ndani ya chuma, kazi inasimama huku imeuma ncha. HSS unairudisha nyuma unasubiri umeme, huna ulichopoteza. Tipu ikisimama ndani ya kata, mara nyingi pembe inabanduka, na hiyo CCGT yako yenye ukingo mwembamba ndiyo ya mwanzo. Kijana, ukiwa na tipu na umeme ukaenda, kwanza zima swichi. Usivute kisu nyuma kwa nguvu: zungusha chaki kwa mkono kwa mwelekeo wa kukata huku unarudisha kisu taratibu. Na umeme ukirudi wenyewe swichi haijazimwa ndiyo balaa, mashine inaanza na kisu ndani. Usiondoke uwani kwenda kuswali ukaiacha hivyo.

Mengine tupo pamoja. Pembe zake mbili tu zinazokata, C. Zile mbili za digrii 100 kwenye holda hiyo hazina kazi. Mwenye duka hatakwambia.

---

MwenyejiGerezani (Dar es Salaam)

Naomba niingie kwenye upande wa kununua, maana huku ndiko mnakoagizia.

HSS msinunue mpya kwa pupa. Huku kuna mafundi wanauza mizigo ya karakana zilizofungwa, vipande vya zamani vilivyopigwa muhuri M2, M35, M42, ndizo aina za HSS. M35 ina kobalti asilimia 5, M42 asilimia 8, hizo kwa stenlesi ni nzuri sana. Kisichokuwa na muhuri kipime kwenye jiwe kabla hujatoa hela: HSS inatoa cheche chache, nyekundu zilizofifia, hazipasuki. Ikitoa cheche nyingi za njano zinazopasuka vinyota, hiyo ni tupa iliyokatwa ikapakwa rangi, au chuma cha kaboni tu. Itakata shaba, kwenye chuma itaisha papo hapo.

Ubao mzima wa msumeno mkubwa wa mota, ule wa HSS, ukivunjika usiutupe. Una unene wa milimita 2 hivi, unatoa visu vya kutenganishia vizuri kabisa.

Tipu za majina makubwa zinaghushiwa, boksi na muhuri vyote. Mimi huangalia kwa lenzi ya sonara: ukingo uwe mstari mmoja, usio na meno. Halafu weka tipu kwenye kitako cha holda bila skrubu, uisukume kwa kidole. Ikicheza au ikinyanyuka pembe moja, rudisha. Na skrubu nunua za akiba, zile ndogo za M2.5 zenye kichwa cha nyota. Ufunguo wake ni T7 au T8 kutegemea aliyetengeneza. Mkipoteza skrubu Pemba mtasimama wiki kwa kitu cha ukubwa wa punje ya mchele.

---

FundiWesha

Wakubwa ahsanteni sana, Mungu awalipe.

Ami MkerezaKongwe, rula iliinama. Ncha ilikuwa chini ya senta kwa karibu milimita nzima, nimeweka kipande cha msumeno na vibati vitatu vya kopo. Kelele imepungua sana kwa kile kile kisu cha buluu. Na umesema kweli kuhusu mkono kutokeza, pale chini kabaidi ilikuwa haigusi kabisa. Jiwe la kijani sina, nimenoa ule mkono tu kwa jiwe la kijivu nikairudisha nyuma.

Shafti ni mita moja na robo, tundu la spindeli nimepima ni 20 kama ulivyosema. Nimempigia mwenye boti, atapeleka Unguja. Lakini amenambia nimtengenezee bushi ya bronzi ya pale shafti inapotokea nyuma ya boti, na pini mbili za 16 mm za stenlesi hiyo hiyo, wanasema ni 316. Hizo zinaingia kwangu.

Maalim, nimeagiza hiyo SCLCR ya 10 na kisu cha ndani cha 8, na boksi moja la CCMT 060204. CCGT nitaongeza baadaye. HSS nimepata vipande sita, vitatu vina muhuri M2, cheche zake nyekundu nyekundu.

Maswali mawili. Stenlesi nilijaribu kipande, mwanzo kilikata vizuri, baadaye kikawa kigumu ghafla mpaka kisu kikateleza juu. Na kuna mtu ameleta nipeli ya bomba la maji ya nusu inchi anataka uzi mpya, nimenoa kisu cha digrii 60 lakini soketi haiingii vizuri.

---

Maalim_wa_Amali

Stenlesi umeigusagusa. Ukisugua juu yake bila kukata, ngozi yake inakomaa, na kila ukirudia inazidi. Dawa ni kuingia chini ya hiyo ngozi kwa mpigo mmoja: kina kisipungue 0.3, mwendo 0.1, usisimame katikati, usibaki pale kisu kinazunguka bure. Kwa HSS mita 18 kwa dakika, yaani pini yako ya 16 mizunguko 360. Mafuta mengi.

Na hiyo 316 usimwamini mtu kwa sumaku. 304 nayo karibu haivutwi. Tofauti ni molibdenamu, 316 ina asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayoisaidia kwenye maji ya chumvi. Omba karatasi ya muuzaji.

---

MkerezaKongwe

Mafuta ya kuikatia stenlesi, kama huna ya dukani, mafuta ya nazi yanafaa. Usicheke. Mafuta ya mimea yanashika kwenye chuma kuliko oili ya injini, na joto letu hili hayagandi. Hasa ukiwa unatia uzi wa ndani ya tundu kwa tapu. Ukimaliza futa mashine yote, yakikaa yanachacha, warsha inanuka jikoni na mende watakuja. Alumini tumia mafuta ya taa. Bronzi na kasti kavu.

Bushi ya bronzi: toboa kwanza kwa kekee ndogo kisha kubwa, midomo ya kekee uiondolee ukali kidogo kwa jiwe la mkono, isije ikajivuta. Halafu tanua kwa kisu chako cha ndani. Acha nje ikiwa kubwa kidogo, maliza ndani kwanza, kisha tia kwenye mandreli (fimbo ya kushikia bushi kwa ndani) ya chuma uliyoikereza mwenyewe umalizie nje, ndani na nje vitakuwa na senta moja. Uliza shafti inakuja na kipimo gani halisi kabla hujagusa tundu. Usikubali maneno ya "ni ya 25", pima kwa maikromita ikishatoka Unguja, na acha nafasi ya maji kupita.

Nipeli. Uzi wa bomba letu la maji ni wa Kiingereza, BSP, pembe yake digrii 55, wewe umenoa 60. Ndiyo maana soketi inagoma. Nusu inchi na robo tatu zote n'nyuzi 14 kwa inchi, inchi moja ni 11. Ya 14 ni sawa na hatua ya milimita 1.814, na kama skrubu yako kuu ni ya milimita, angalia bango la gia kama lina 14, mengi yanayo. Noa HSS upya kwa kipimo cha 55, usikwenda kununua tipu ya uzi kwa nipeli moja. Ncha isiwe kali, iwe na kiduara, uzi huu wa Kiingereza umeviringa juu na chini. Na gia ukishazishika usifungue nati nusu (ile inayouma skrubu kuu na kukitembeza kisu) mpaka umalize: kwa uzi wa inchi kwenye skrubu ya milimita, rudi nyuma kwa kugeuza mota, kisu ukiwa umekitoa.

Kabla ya yote, hiyo nipeli ni ya chuma kilichopigwa zinki? Mbona isinunuliwe mpya? Inauzwa kila duka la mabomba hapo Chake.

---

FundiWesha

Ami, ni ya shaba, ya mashine ya zamani ya juisi, upande wa pili ina uzi mwingine ambao sijaujua. Nitaupima kesho nilete picha.